Kompyuta Inapochelewa Kuwaka: Tafuta Saa Kabla ya Bisibisi

Kompyuta ikianza kutumia dakika tatu au nne kuwaka, wengi wetu hukimbilia kufuta programu, kuongeza RAM au kupiga Windows upya. Pengine mojawapo ya hatua hizo itasaidia, lakini itakuwa ni kwa kubahatisha, kwa sababu kuwaka kwa kompyuta si tendo moja. Kwanza programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama hukagua vifaa. Kisha mfumo endeshi hupakiwa kutoka kwenye diski pamoja na draiva zake. Halafu mtumiaji huingia kwa nywila yake. Na mwishowe programu zinazojiwasha zenyewe huanza kugombania nafasi. Dawa ya hatua moja haifanyi lolote katika hatua nyingine. Kama muda unapotelea kwenye nembo ya mtengenezaji, kuongeza RAM hakutapunguza hata sekunde moja, wala kupiga Windows upya hakutasaidia, kwa sababu wakati huo Windows yenyewe bado haijaanza.

Kupima hatua moja moja

Tumia saa ya kupimia muda iliyomo kwenye simu na uandike namba nne. Namba ya kwanza ni muda kutoka kubonyeza kitufe cha kuwasha hadi vidoti vinavyozunguka vinapoonekana chini ya nembo. Ya pili ni kutoka hapo hadi skrini ya kuandika nywila. Ya tatu ni kutoka kukubali nywila hadi ikoni na mwambaa wa chini kutokea. Ya nne, ambayo wengi huisahau, ni kutoka hapo hadi kivinjari kinapofunguka kwa kubofya mara moja, maana kompyuta inayoonyesha ikoni lakini haiitikii kipanya bado haijamaliza kuwaka.

Tuseme umepata sekunde 6, 14, 9, na mwisho dakika 2 na sekunde 40. Hapo hakuna haja ya kufungua mashine: kuna umati wa programu unaoanza baada ya nywila, au RAM imezidiwa. Ukipata sekunde 48, 12, 7 na 10, basi Windows haina kosa lolote na tatizo liko kwenye ubao mama au kwenye kitu kilichochomekwa. Ukipata sekunde 7, dakika 2, dakika 1 na dakika 3, yaani uzito uliosambaa kuanzia pale diski inapoanza kusomwa, mshukiwa wa kwanza ni diski yenyewe.

Pima mara mbili: mara moja baada ya kuzima kwa njia ya kawaida, na mara nyingine kwa kuchagua Restart. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kuna mpangilio uitwao Fast Startup ambao, unapozima kompyuta, huhifadhi kiini cha mfumo kwenye faili la diski liitwalo hiberfil.sys na kukirudisha asubuhi badala ya kukijenga upya. Restart haitumii njia hiyo. Huanza yote kutoka mwanzo. Kwa hiyo vipimo viwili vikitofautiana sana, tayari una fununu, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Nembo ya mtengenezaji haiondoki

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha nenda kwenye ukurasa wa Startup. Juu upande wa kulia kuna maneno Last BIOS time na idadi ya sekunde, ambayo huonekana katika mashine zinazotumia UEFI, aina mpya ya ile programu ndogo ya ubao mama ambayo zamani iliitwa BIOS. Huo ndio muda uliotumika kabla Windows haijakabidhiwa usukani. Laptopu nyingi huonyesha sekunde chache tu. Mimi huanza kutilia shaka namba inapopita 20.

Jaribio la kwanza halihitaji ujuzi wowote. Zima kompyuta, chomoa kila kitu isipokuwa kibodi, kipanya na waya wa umeme, kisha washa na upime tena. Diski za nje, flashi iliyosahaulika nyuma ya mashine, kisoma kadi na printa hukaguliwa kimoja kimoja, na kifaa kimoja kinachosita kujibu huwachelewesha wote. Muda ukishuka, rudisha vifaa kimoja kimoja hadi mwenye kosa ajitokeze. Jambo hili linahusu pia diski ya pili iliyomo ndani: hata kama imewekwa kwa ajili ya picha na video tu na haina mfumo endeshi, ikiwa imeanza kufa ubao mama utaingoja.

Iwapo skrini inaonyesha maandishi meupe yanayotaja kebo ya mtandao au PXE kabla ya Windows kuanza, kompyuta inajaribu kuwaka kupitia mtandao. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI, weka diski ya ndani iwe ya kwanza katika mpangilio wa kuwaka, na uzime njia ya mtandao. Humohumo mara nyingi utakuta chaguo la Fast Boot, ambalo ni tofauti kabisa na Fast Startup ya Windows ingawa majina yanafanana. Linaruka baadhi ya ukaguzi wa vifaa, na katika baadhi ya mashine kibodi ya USB haitaitika mapema, hivyo kurudi kwenye mipangilio kunaweza kuwa kugumu. Kabla ya kugusa chochote huko, piga picha ya kila ukurasa kwa simu, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, hakikisha unao ufunguo wake wa uokoaji, kwa kuwa mabadiliko ya UEFI yanaweza kuifanya Windows iudai. Usibadilishe hali ya diski, yaani namna mashine inavyowasiliana nayo, kutoka AHCI kwenda nyingine kwa kujaribu tu. Windows inaweza kukataa kuwaka.

Saa ikirudi nyuma miaka kadhaa kila mashine inapochomolewa kwenye umeme, au mashine ikisimama na kuomba ubonyeze F1, betri ndogo ya ubao mama imeisha. Katika kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3. Ibadilishe, kisha urudishe mipangilio kwa kutazama picha ulizopiga.

Kuna hali moja inayowaponza watu walionunua RAM mpya ya DDR5. Mara ya kwanza mashine inapowashwa, ubao mama hujifunza namna ya kuwasiliana na RAM hiyo, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Mwenye mashine hudhani imekufa, huizima, na kazi huanza upya. Iache ikamilishe. Ikiwa subira hiyo inajirudia kila siku katika ubao wa AMD, tafuta chaguo liitwalo Memory Context Restore, ambalo huruhusu matokeo ya mara ya kwanza yatumike tena.

Vidoti vinazunguka bila kukoma

Hapa ndipo diski inapohukumiwa, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zote. Diski ngumu ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea kikishafika kwenye njia inayotakiwa, hulazimika kungoja data izunguke hadi chini yake, na nusu mzunguko pekee ni zaidi ya milisekunde 5. Ukijumlisha muda wa kichwa kusogea, kila faili dogo hugharimu milisekunde 10 hadi 18. Maana yake ni kwamba diski hiyo haiwezi kusoma sehemu zilizotawanyika zaidi ya mara mia moja hivi kwa sekunde, ilhali kuwaka kwa Windows ni kusoma maelfu ya vipande vidogo kutoka kila upande. SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka, na hujibu kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana SSD ya bei ya chini inaishinda diski ngumu nzuri katika kuwaka, na ndiyo maana sipendekezi mtu mwenye diski ngumu apoteze jioni nzima akipunguza programu moja moja.

Hata hivyo, polepole ya siku zote ni tofauti na polepole iliyoanza juzi. Diski ngumu iliyokuwa ikiwasha mashine kwa dakika moja na nusu mwezi uliopita, na sasa inatumia dakika sita, haikuzeeka ghafla, ni mgonjwa. Fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, kisha Disk. Ikiwa shughuli ya diski imeganda kwenye asilimia 100 huku kasi ya kusoma haifiki hata megabaiti 2 kwa sekunde na muda wa kujibu unahesabiwa kwa mamia au maelfu ya milisekunde, diski inarudia kusoma sehemu ambazo hazisomeki.

Thibitisha kwa taarifa za SMART, ambazo diski huziandika yenyewe. CrystalDiskInfo huzionyesha kwenye Windows, na smartctl -a hufanya hivyo kwenye Linux. Katika diski ngumu, namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa, 197 huhesabu zinazosubiri hukumu, na 198 huhesabu zilizoshindikana. Namba 197 ikiwa juu ya sifuri na inaendelea kupanda, kazi ya kwanza ni kunakili mafaili yako mahali pengine, siku hiyohiyo. Watu wengi huagizwa waendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, nami naona ushauri huo ni wa hatari kwa diski iliyokwisha kuonyesha dalili hizi, kwa sababu amri hiyo husoma kila sekta kwa saa nyingi na inaweza kuwa ndiyo safari yake ya mwisho. Anza na chkdsk C: /scan, ambayo hukagua mpangilio wa mafaili bila kuilazimisha diski kupita kila kona.

Namba 199 ina habari ya aina nyingine. Niliwahi kuletewa mashine ya mezani iliyokuwa ikitumia takriban dakika tano kuwaka. Ilikuwa imekwisha kuongezewa RAM na kupigwa Windows mara mbili. Namba 5 na 197 zilikuwa sifuri, lakini 199 ilipanda kila nilipoiwasha. Namba hiyo huhesabu makosa yanayotokea data inapopita kati ya diski na ubao mama, na mara nyingi kosa ni la kebo. Nilipobadilisha kebo ya SATA, mashine iliwaka kwa muda usiofika dakika moja. Usitegemee hesabu hiyo kurudi sifuri baada ya matengenezo. Kinachotazamwa ni kwamba imeacha kupanda.

Ikiwa diski ni nzima, mambo yaliyobaki katika hatua hii ni machache. Windows inayokagua diski kila inapowaka inaamini kwamba kuna hitilafu; fsutil dirty query C: itakujulisha kama alama hiyo ingalipo. Diski iliyojaa hadi shingoni huzubaisha mfumo, basi acha walau asilimia 10 hadi 15 wazi. Mafaili ya mfumo yaliyoharibika hurekebishwa kwa DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikifuatiwa na sfc /scannow, kwa mpangilio huo. Na kuwaka polepole mara moja tu baada ya masasisho si ugonjwa.

Draiva mbovu ni ngumu zaidi kunasa. Washa kompyuta katika Safe Mode, hali inayopakia draiva na huduma za lazima tu, na upime: ikiwaka upesi huko, diski na mfumo vimesafishwa jina, na kosa ni la draiva au huduma iliyoongezwa. Kisha fungua Event Viewer, uingie Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, na Operational. Tukio namba 100 linaeleza muda wote wa kuwaka kwa milisekunde. 101 hutaja programu iliyochelewesha, 102 draiva, na 103 huduma. Ndani ya tukio namba 100 linganisha MainPathBootTime, ambao ni muda hadi eneo la kazi kutokea, na BootPostBootTime, ambao ni muda wa msongamano uliofuata. Nashangaa ni wangapi wanaolipia programu za kuharakisha kompyuta ilhali Windows imekwisha kumwandika mkosaji kwa jina.

Ikoni zimetokea lakini hakuna kinachoitika

Rudi kwenye ukurasa wa Startup na upange orodha kwa safu ya Startup impact. Neno High halitolewi kwa hisia: ni programu iliyotumia zaidi ya sekunde 1 ya prosesa au zaidi ya megabaiti 3 za kusoma na kuandika kwenye diski wakati wa kuwaka. Zima programu za mazungumzo, vizinduzi vya michezo, visasishaji vya programu usizozitumia kila siku, na wasaidizi wa printa. Acha programu ya kuzuia virusi, draiva za sauti na za kiguso cha laptopu. Kuzima hapa si kufuta. Programu itafunguka kama kawaida utakapoihitaji. Programu inayolandanisha mafaili na wingu inaweza kuzimwa pia, ila ukumbuke kwamba mafaili hayatapanda mpaka uifungue mwenyewe.

Programu mbili za kuzuia virusi zikikaa pamoja, kila moja hukagua kila faili ambalo mwenzake anafungua. Ondoa moja kabisa, kwa zana ya kuondolea ya mtengenezaji wake ikiwa ipo. Tazama pia RAM dakika moja baada ya kuingia: matumizi yakiwa yameshapita asilimia 85 nawe hujafungua chochote, mfumo unahamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, na hapo ndipo kuongeza RAM kunapokuwa tiba halali. Laptopu yenye gigabaiti 4 huwa katika hali hiyo karibu kila asubuhi.

Laptopu ya kazini inayochelewa ikiwa nyumbani na kuwaka vizuri ikiwa ofisini karibu kila mara inatafuta seva isiyoifikia. Andika net use kwenye dirisha la amri uone diski za mtandao zilizosajiliwa, na uondoe zisizotumika, kwa mfano kwa net use Z: /delete.

Ikiwa bado hakuna aliyekamatwa, tumia msconfig: kwenye ukurasa wa Services weka alama ya kuficha huduma za Microsoft, kisha uzime nusu ya zilizobaki na uwashe upya. Ikiwaka upesi, mkosaji yumo katika nusu uliyoizima. Kama sivyo, yumo katika nusu nyingine. Kati ya huduma 40 utampata baada ya majaribio sita tu. Ukiwa humo utaona kwenye ukurasa wa Boot sehemu ya kuchagua idadi ya prosesa, na pengine umekwisha kusikia kwamba kuweka namba kubwa huharakisha kuwaka. Si kweli. Windows hutumia kori zote bila kuambiwa, na sehemu hiyo ni ya kupunguza kwa ajili ya majaribio. Aliyewahi kuweka 1 kwa bahati mbaya anajua matokeo yake.

Ikiwaka baada ya kuzimwa ni tofauti na ikiwaka kwa Restart

Restart ikiwa ya haraka na kuwaka baada ya kuzima kukawa kwa kusuasua, faili la Fast Startup linaweza kuwa limeharibika au kuna draiva isiyokubali kuamshwa. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, andika powercfg /h off, washa upya, kisha powercfg /h on. Tatizo likirudi, liache likiwa limezimwa. Kwenye SSD tofauti ni ya sekunde chache. Usishangae pia Task Manager ikisema kompyuta haijazimwa kwa siku 19 ilhali unaizima kila jioni: kwa Fast Startup hesabu hiyo haianzi upya, na hitilafu zinazojikusanya haziondoki mpaka ufanye Restart.

Linux na Mac

Kwenye Linux yenye systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma, amri ya systemd-analyze hugawa muda wa kuwaka kwa hatua, kuanzia UEFI hadi huduma za mtumiaji. systemd-analyze blame huorodhesha huduma kwa muda zilizotumia, lakini isikudanganye: huduma nyingi huenda sambamba, na iliyo juu ya orodha si lazima iwe ndiyo iliyowazuia wengine. systemd-analyze critical-chain ndiyo inayoonyesha nani alimngoja nani. Ukiona kuchelewa kwa dakika 1 na sekunde 30 kamili, huo ni muda wa kawaida ambao systemd huvumilia kabla ya kukata tamaa, na mara nyingi unangojwa mgao wa diski uliofutwa lakini ungali umeandikwa ndani ya /etc/fstab. Linganisha UUID (namba za utambulisho wa migao) zilizomo na zile zinazotolewa na amri ya blkid, ufute mstari usio na mwenyewe, na kwa diski za nje uongeze neno nofail ili kukosekana kwake kusizuie kuwaka.

Kwenye Mac, programu zinazojiwasha ziko System Settings, General, Login Items. Skrini ikikaa muda mrefu kabla ya nembo kutokea, au folda yenye alama ya kuuliza ikitokea kwanza, chagua upya diski ya kuwashia kwenye Startup Disk. Folda hiyo ikirudi, ichukulie kama dalili ya diski mbovu.

Ukiamua kuhamia SSD

Kunakili diski yote kwenda SSD kunatosha ikiwa diski ya zamani ni nzima. Ikiwa ni mgonjwa, hamisha mafaili yako peke yake na usakinishe mfumo upya. Baada ya kunakili, zima mashine na uondoe diski ya zamani kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, kwa kuwa Windows ikiona diski mbili zenye utambulisho mmoja huweza kuizima mojawapo, nawe usijue umewaka kutoka ipi. SSD haihitaji kupangwa upya kama diski ngumu; zana ya Optimize Drives huitambua na kuitumia amri ya TRIM, inayoiambia SSD sehemu zipi hazitumiki tena, badala yake. Pima tena zile namba nne, uziandike kando ya zile za kwanza, na uiweke diski ya zamani kabatini kwa wiki kadhaa bila kuifuta, hadi utakapokuwa umefungua kila folda uliyokuwa ukiitegemea.